Kanda za Uzi Mwekundu

Bi Semeni hakuitikia shikamoo.

Muzdalifa aliitoa tena, safari hii kwa sauti zaidi, akidhani bibi hakusikia. Bi Semeni aliendelea kupepeta mpunga wake uwanjani, macho kwenye ungo. Hapo jamvini, karibu na miguu yake, ilikuwepo doti ya khanga iliyokunjwa vizuri, haijafuliwa hata mara moja. Muzdalifa aliitambua. Ndiyo aliyomletea mwenyewe miezi saba iliyopita, siku aliyokuja hapa Mahege na kinasa sauti chake.

"Chukua kitu chako," alisema Bi Semeni.

"Bibi! Nimekosa nini?"

"Unaniuliza mimi?" Ungo uliwekwa chini. "Mimi ndiye niliyekutia ndani ulipovunja ungo, mimi ndiye niliyekutoa. Hao wasomi wako wa Dar es Salaam hawakujui ninavyokujua mimi. Siku ile ulikaa hapo hapo uliposimama, kidude chako kinazunguka. Uliniapia nini?"

"Kwamba hakuna mwanamume atakayesikia."

"Basi Nassibu kasikia."

Nassibu alikuwa mume wa Mwantum, kitinda mimba wa Bi Semeni. Na nani asiyejua adabu ya mkwe na mama mkwe wake? Miaka sita Nassibu ameishi kwenye ua ule, hajapata kula sahani moja na yule mama wala kumtazama usoni. Akimkuta njiani huingia kichakani mpaka apite.

"Kasikia wapi, bibi?"

"Dukani kwa mchumba wako! Kaitwa eti akamfasirie maneno ya Kindengereko. Kufika, anawekewa sauti yangu. Mimi, mama mkwe wake, nafundisha mambo ya ndani! Katoka mbio mtoto wa watu, viatu kaviacha huko huko. Leo siku ya tisa yuko Ikwiriri, anasema harudi. Arudi ayaweke wapi macho yake? Na mkewe yumo humo chumbani, tumbo la miezi sita, halali wala hali."

Kwikwi ya Mwantum ilisikika kutoka ndani, kana kwamba alikuwa akingoja atajwe. Muzdalifa alitaka ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti, akaomba radhi, lakini Bi Semeni alikuwa ameshaushika tena ungo wake.

"Sikuapizi," alisema kikongwe yule. "Nenda kaulize. Pengine nimeambiwa uongo. Lakini khanga ondoka nayo."

Muzdalifa alipata lifti kwenye pikapu ya mnunuzi wa korosho, akakaa nyuma juu ya magunia, khanga kaipakata. Njia nzima hadi Kibiti aliomba jambo moja tu: iwe uongo. Kwa sababu Haitham, mchumba wake, alimpenda, na yeye Muzdalifa alimpenda Haitham kwa namna ambayo mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye digrii mbili na ya tatu njiani, huwa anaona haya hata kuikiri.

Penzi lao lilianzia kwenye karatasi ya manila. Miaka mitatu iliyopita aliingia dukani kwake kuinunua, akaitandaza pale pale juu ya kaunta, akaanza kuchora ratiba ya udaktari wake wa historia. Mwaka wa kwanza, pendekezo la utafiti na kusoma nyaraka. Mwaka wa pili, uwandani, kutoka Mahege mpaka visiwa vya delta kule Maparoni, kukusanya masimulizi ya malezi ya wanawake wa Rufiji tangu enzi za bibi zao. Wa tatu, kuandika sura. Wa nne, kuitetea tasnifu mbele ya jopo. Haitham alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, rula mkononi, akimsaidia kunyoosha mistari. Akainua macho. Muzdalifa naye akainua yake. Ile mistari ya mwaka wa nne ilipinda yote, na hakuna aliyejali.

Tangu siku ile Haitham aliishika ratiba kuliko mwenyewe. Akimwandikia barua chuoni, huanza na mapenzi na kumalizia na sura. "Daktari wangu, leo tarehe kumi, sura ya tatu iko wapi?" Muzdalifa alicheka, akaringa kwa wenzake bwenini. Wachumba wao waliwauliza watarudi lini jikoni. Wake alimuuliza amesoma kurasa ngapi. Wazazi wake, watu wa milimani waliohamia Kibiti na jembe moja, walinung'unika kwamba binti anazeeka na madaftari, lakini hata wao Haitham aliwatuliza. Mwaka huu, chini ya mwaka wa tatu, alikuwa ameongeza kwa penseli neno moja: Ndoa. Ingekuwa Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi.

Na mwaka huu ndio mambo yalipokwama. Kanda zilikuwa hamsini na mbili, na kila kanda ya saa moja huchukua siku nzima kuiandika neno kwa neno. Taarifa ya maendeleo ilitakiwa chuoni kabla ya mwisho wa Oktoba, ikiwa na sura ya nne, la sivyo msimamizi wake angemsogeza mwaka mzima mbele. Kabla ya kwenda Dar mwezi uliopita alimwachia Haitham sanduku la kanda, maana nyumbani kwao paa linavuja. Sita alizifunga uzi mwekundu. Alimwambia kwa kinywa chake, akimtazama machoni, "Hizi za uzi mwekundu usiziguse. Ni za wanawake." Na Haitham akajibu, "Nakuahidi, mpenzi."

Duka lilikuwa kando ya stendi ya Kibiti. Enzi za marehemu baba yake lilikuwa la chumvi na vitambaa. Haitham alikuwa amelifanya la kisasa. Madaftari, betri, kupiga chapa barua na maombi ya kazi, kurekodi kanda za taarabu. Jenereta lilikuwa linanguruma uani.

"Daktari wangu!" Alitoka nyuma ya kaunta mikono kaipanua, shati jeupe limepigwa pasi, manukato yake yale yale. Alikuwa mzuri, si siri. "Nilijua utakuja leo. Moyo uliniambia. Fumba macho."

"Haitham, nataka kukuuliza..."

"Fumba kwanza!"

Alifumba. Alisikia droo ya meza ikivutwa, kisha kitu kizito kikawekwa mikononi mwake. Alipofumbua aliona mrundo wa karatasi uliotobolewa na kufungwa kamba, nailoni juu. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa katikati: Muzdalifa Abdulatifu. Chini yake: Sura ya Nne, Masimulizi.

"Kurasa sitini na nane," alisema Haitham. "Usiku na mchana. Vidole angalia, vimeota sugu. Sasa peleka taarifa yako, wakuone!"

Alizifunua. Na hapa ndipo aibu ya Muzdalifa ilipoanzia, maana kwa dakika moja nzima alisahau Mahege, akasoma kama mwanahistoria. Kazi ilikuwa safi. Kila msemaji kapewa namba: Sauti ya Kwanza, Sauti ya Pili, mpaka ya Tano. Vituo vimewekwa mahali pake. Sura iliyomnyima usingizi miezi mitatu ilikuwa mikononi mwake, imekamilika, na Oktoba ilikuwa bado na siku kumi na moja. Akajikuta anafurahi.

Halafu akaona maandishi ya penseli pembeni. "Makubwa haya!" Ukurasa uliofuata, "Hapa nimecheka mpaka jirani kaja." Na mbele kidogo, "Kumbe!"

"Umezifungua za uzi mwekundu," alisema.

"Ndizo zilizokuwa zinakuchelewesha. Nyingine ungemaliza mwenyewe."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi, ndiyo, ukiwa bado una muda. Ulipoandika kwamba utasogezwa mwaka, nikasema la, mwanamke wangu hafeli nikiwa hai." Alizunguka kaunta, akaja kusimama nyuma yake, karibu, akamshika kiuno kama alivyozoea duka likiwa tupu. Midomo ikagusa sikio. "Halafu ukurasa wa ishirini na tatu. Sauti ya Pili. Nimeusoma mara nyingi kuliko zote. Sikujua mwenzangu ana mambo matamu hivyo na mimi ananibania."

Sauti ya Pili ilikuwa yake mwenyewe. Siku ile Bi Semeni alimwambia hawezi kuwauliza wenzake kilichowakuta unyagoni na yeye kujifanya mgeni. Akalazimika kusimulia ya kwake, alivyolia, alivyoona haya, alichofundishwa. Aliyasema kwa wanawake wanne waliokuwa wameyapitia. Sasa yalikuwa yanarudi kwake na harufu ya manukato ya Haitham, yananong'onwa kwa kicheko. Kile kiganja kiunoni, ambacho juzi tu alikuwa anakiota, kilimfanya ngozi imsisimke. Alikibandua kidole kimoja kimoja.

"Usinishike."

"Muzda! Mume wako mtarajiwa!"

"Nassibu ulimwita wewe?"

Haitham alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayekumbushwa kioja. "Mshamba yule. Mimi Kindengereko nakijua cha kununulia samaki tu, nikamwita anisaidie maneno mawili matatu. Sikujua kama yule bibi ni mkwewe, haki ya Mungu. Sekunde mbili tu, akaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Makubadhi yake yale pale mlangoni."

"Mwantum ana mimba ya miezi sita. Mumewe kaikimbia nyumba."

"Atarudi. Mwanaume hukimbia mama mkwe, hakimbii mkewe. Muzda, hii ni sayansi! Hao wazungu wasingeandika chochote wangekuwa wanaogopa bibi za watu. Na msimamizi wako atajua nini? Anaona kurasa, anaona namba, anagonga muhuri. Nani atamwambia nani kaandika?"

"Mimi nitajua."

"Wewe." Sasa hasira ilimpanda na yeye, na chini ya hasira kulikuwa na maumivu ya kweli, Muzdalifa aliyaona. "Wewe utajua! Mimi je? Rafiki zangu wote wana watoto, mkubwa wao anasoma la pili. Naulizwa msikitini, naulizwa sokoni, bibi harusi anamaliza lini? Nakaa najibu, bado sura mbili. Bado sura mbili! Nimejifunza mpaka utetezi wa tasnifu ni nini, mimi niliyeishia kidato cha nne. Kosa langu ni kukupenda?"

Moyo ulimlainika, hakuna haja ya kuficha. Miaka mitatu si siku tatu. Aliyatazama yale macho yaliyomkuta kwenye karatasi ya manila, yamejaa machozi, akafikiri huenda bado kuna njia.

"Twende Mahege," alisema taratibu. "Sasa hivi, wote wawili. Tukae chini mbele ya Bi Semeni, tumwambie tumekosa. Wanawake watakutoza faini yao, utalipa kuku, watakutukana, utanyamaza. Kisha twende Ikwiriri kwa Nassibu. Ukifanya hivyo, Haitham, nitasahau hata huo ukurasa wa ishirini na tatu."

Haitham alijifuta macho. Yalikauka upesi mno.

"Nikae chini? Mimi, mtoto wa Mzee Khamis, nikatukanwe uwanjani na vibibi vya Mahege? Mtumie khanga. Mtumie doti kumi, nitatoa mimi. Atanyamaza."

Doti aliyorudishiwa ilikuwa bado kwapani mwake. Hakumwambia. Aliziinamia tena kurasa, si kwa kusoma, bali kwa kukosa mahali pengine pa kutazama, na jicho likaangukia ukurasa wa sitini.

Sauti ya Nne.

Siku ile walikuwa wanawake watano. Wa nne alikuja kwa pikapu kutoka Kibiti, kajifunika buibui mpaka macho, akaomba jina lake lisitajwe hata kwenye kanda. Alikuwa Bi Mwanamize, mama yake Haitham. Bi Semeni ndiye aliyewafunda binti za mama huyu, naye aliona ana deni la heshima kwake. Akasimulia miaka yake ya kwanza ya ndoa na Mzee Khamis, tangu usiku wa kwanza, bila kuficha, akilia na kucheka, kwa kuwa alijua anawasimulia wanawake.

Yote yalikuwepo. Neno kwa neno, kurasa nane. Na vituo vimewekwa mahali pake.

"Haitham. Sauti ya Nne ni nani?"

Haitham aliikazia macho mashine ya kupiga chapa.

"Ulimjua," alisema Muzdalifa.

"Si mwanzoni. Pale katikati, alipomtaja marehemu..."

"Ukafanya nini ulipomjua?"

"Zilikuwa zimebaki kurasa chache tu, Muzda. Ningeachia njiani?"

Muzdalifa aliyatazama yale makubadhi ya Nassibu mlangoni, makuukuu, moja limelalia ubavu. Yule aliyeitwa mshamba alisikia sekunde mbili za mama mkwe, akakimbia peku juani mpaka Ikwiriri. Huyu alimsikia mama yake mzazi, akabadilisha utepe wa mashine, akaendelea. Alijaribu kumchukia ikashindikana. Chuki ingekuwa nafuu. Alichokisikia ni karaha tupu, ile ya mtu aliyekwishatafuna ndipo akaona kilichomo.

"Hodi wenyewe!"

Bi Mwanamize aliingia kwa mlango wa uani, sahani ya vitumbua mkononi na vipande vya vitambaa begani, uso unang'aa. "Mkwe wangu! Unaingia mjini kimya kimya hata kunisalimia? Simama nikuone. Umekonda! Hayo madaftari yatakuua kabla hatujakupaka hina. Tazama, hii lasi ya Dubai, au unataka hii ya rangi ya maziwa?" Akamwona na mrundo mikononi. "Ee! Ndicho kitabu chenyewe? Kimekwisha? Haitham alikuwa hali wala halali kwa ajili ya kitabu hicho. Nipe nikione, mwanangu. Mimi nasoma pole pole, lakini nasoma."

Alinyoosha mkono.

Muzdalifa alimtazama Haitham. Haitham alikuwa amepauka kama chokaa. Neno moja tu, na huyu mama asingeweza tena kutoka nje ya nyumba yake. Neno hilo hilo lingemwosha Muzdalifa, likamwacha Haitham uchi mbele ya Kibiti nzima, alipostahili kuwa. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza.

"Hakijaisha, mama," alisema, akazikumbatia karatasi. Akavuta sanduku la kanda kutoka chini ya kaunta, akalitia kwapani. "Na sitaweza kuolewa. Nisamehe."

"Unasema?"

"Ndoa haipo. Masomo yamenizidi. Nimechagua masomo."

Sahani ya vitumbua iliwekwa kaunta kwa kishindo. "Nilisema! Niliwaambia watu wote, huyu wa milimani anatuchezea! Miaka mitatu mwanangu anakungoja kama mpumbavu, anakupigia chapa, anakununulia betri, wenzake wanazaa. Leo unamwambia masomo? Una nini wewe cha kumzidi mwanangu? Mtoto ana haya, ana heshima, hajapata kunivunjia adabu hata siku moja tangu nimzae!"

Muzdalifa alingoja. Hata yeye hakujua kwa nini. Pengine penzi la miaka mitatu lina ukaidi wake. Alingoja Haitham aseme, mama, kosa ni langu. Si lazima aseme kosa gani.

Haitham alikaa kwenye kiti chake. Mama yake akamwendea, akamkumbatia kichwa, akamfuta jasho la paji kwa ncha ya mtandio. "Usilie, baba. Mwache aende. Mimi mama yako nipo." Na yeye akakilaza kichwa kifuani pake, akafumba macho, akaacha apanguswe.

Muzdalifa alitoka mbio, sanduku kwapani, karatasi kifuani, akafika kwenye mtaro wa barabara, akainama na kutapika mbele ya stendi yote. Wauza korosho waligeuka. Kondakta mmoja akaacha kuita abiria. Bi Mwanamize naye alikuwa ametoka mlangoni, mikono kiunoni, akamwona anavyotapika, akapiga kofi la mshangao.

"Ahaa! Kumbe masomo yenyewe ni hayo!" alipaza sauti ili na walio mbali wasikie. "Haya nyinyi, mmeona? Kaja na mimba ya watu, anasingizia vitabu! Mungu kamwepusha mwanangu!"

Watu walicheka. Muzdalifa alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akageuka. Nyuma ya bega la mama yake, Haitham alikuwa amesimama kizani mwa duka, anamtazama. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote chini ya jua kwamba maneno yale ni uongo. Hajapata kumgusa kupita kiunoni. Midomo yake ilifunguka kidogo.

Kisha akaifunga, akarudi ndani.